Kwotabeki Anaangushwa Kila Wiki, Lakini Nani Kajenga Ukuta?

Kila msimu wa NFL kule Marekani una kesi moja isiyoisha. Timu inapoteza mechi nne mfululizo, staa wake anaonekana kwenye televisheni kalala chali, vipande vya nyasi vimeganda kwenye helmeti, na kabla hajainuka hukumu imeshatoka mitandaoni. Kundi la kwanza linasema dogo hana kitu, apelekwe benchi. Kundi la pili linasema mwacheni kijana wa watu, wale watano waliopo mbele yake ndio wanaomuuza.

Kesi hiyo inabishaniwa Chicago, Cincinnati na Houston, na siku hizi hata Dar es Salaam na Nairobi wapo wanaokesha kusubiri Super Bowl ianze saa 8 na nusu usiku. Na kila mwaka hukumu ni ileile: anayelaumiwa ni yule mwenye sura inayojulikana.

Mashabiki wa soka wanalijua vizuri jambo hili. Kipa akifungwa manne, kamera inamfuata yeye akiokota mpira wavuni. Beki aliyepitwa kama mlingoti anarudi zake taratibu kwenye nafasi yake, hakuna anayemuuliza kitu. Kwotabeki ni kipa na namba kumi kwa wakati mmoja. Mpira unaanzia kwake, sifa zinaishia kwake, na lawama nazo zinamjua nyumbani kwake.

Tuseme ukweli basi. Mara nyingi ukuta ndio unaoanza kuvunjika. Lakini wapo kwotabeki wanaojitakia. Na juu ya wote hao yupo bosi mwenye suti, aliyenunua staa wa bei mbaya akasahau kumjengea nyumba, na yeye ndiye ambaye hafikishwi mahakamani kabisa.

KAZI YA WATU WATANO WASIOJULIKANA

Kwa asiyefuatilia sana, mambo yapo hivi. Timu inayoshambulia ina watu 11 uwanjani. Watano kati yao, wengi wana zaidi ya kilo 135, wanasimama mbele ya kwotabeki kama ukuta. Kazi yao ni kuzuia majitu ya upande wa pili yasimfikie mpaka atupe pasi. Akifikiwa na kuangushwa kabla hajatupa, timu inapoteza yadi na yeye anapoteza afya.

Muda anaopewa ni mdogo kuliko watu wanavyofikiri. Takwimu za ESPN humhesabu mlinzi kuwa ameshinda pambano lake akimzuia mpinzani kwa sekunde 2.5. Ndani ya sekunde hizo kwotabeki asome ulinzi, amtafute mpokeaji, apange miguu, aachie mpira. Ukuta ukidumu sekunde moja na nusu, hata mwenye kipaji cha kuzaliwa nacho atafanana na mtu aliyeokotwa stendi.

Sasa angalia maisha yao nje ya uwanja. Kwotabeki yupo kwenye matangazo ya bima na viatu, mavazi yake yanajadiliwa kabla ya mechi, mchumba wake anaonyeshwa jukwaani kila pasi ikifika. Wale watano wakipita sokoni hakuna anayegeuka. Hutajwa na mwamuzi tu, tena wakifanya kosa. Hata namba huwa haziwasaidii. Mpokeaji ana yadi, kwotabeki ana tachidauni, lakini mlinzi akifanya kazi yake sawasawa dakika 60 karatasi ya takwimu inabaki tupu.

Ndiyo maana kuna desturi nzuri kwenye ligi hiyo. Ikifika Krismasi, kwotabeki wengi huwanunulia walinzi wao zawadi nzito: saa za thamani, safari, wengine hadi magari. Watu huona ni ukarimu. Kwa kweli ni bima. Mtu mwenye akili humtunza anayelinda mgongo wake.

Na mgongo hapa si lugha ya mafumbo. Kwotabeki anayetupa kwa mkono wa kulia huwa hauoni vizuri upande wake wa kushoto. Novemba 18, 1985, mbele ya watazamaji wa Jumatatu usiku nchi nzima, Lawrence Taylor wa New York Giants alimfikia Joe Theismann wa Washington, na mguu wa Theismann ukavunjika vibaya. Hakucheza tena. Miaka iliyofuata mlinzi wa pembeni kushoto akawa miongoni mwa watu wanaolipwa vizuri zaidi kwenye timu. Mabosi walijifunza, lakini inaonekana wengine walisahau mapema.

HOUSTON ILIVYOMTOA KAFARA KIJANA

Mwaka 2002 Houston ilipata timu mpya. Ikachagua kwotabeki namba moja kwenye drafti, kijana mwenye mkono mzuri na sura ya mabango. Wala si kwamba ukuta haukufikiriwa kabisa. Mtu wa kwanza kuchukuliwa na timu hiyo kutoka timu nyingine alikuwa mlinzi wa kushoto mwenye heshima kubwa kwenye ligi. Tatizo ni kwamba mabega yake yalikuwa mabovu, na hakuichezea Houston hata mechi moja.

Matokeo yake dogo aliangushwa mara 76 msimu wake wa kwanza. Hiyo bado ni rekodi ya ligi. Katika miaka mitano aliyokaa pale aliangushwa mara 249. Alipoondoka alikuwa kijana bado kwa umri, ila uwanjani alikuwa mtu anayetazama watu wanaomjia badala ya kutazama mpira unakokwenda. Mtoto aliyeng'atwa na nyoka, akiguswa na jani hushtuka.

Baada ya hapo akaandikwa kwenye orodha za "waliofeli". Hapo ndipo penye dhuluma. Huwezi kumkabidhi mtu gari lisilo na breki kwenye mteremko, likipinduka ukasema hajui kuendesha.

INDIANAPOLIS: UKUTA ULIFIKA, MWENYE NYUMBA KESHACHOKA

Kesi ya Indianapolis inauma zaidi. Kwotabeki wao aliyechaguliwa namba moja mwaka 2012 alikuwa kila kitu: akili, nguvu, adabu. Aliibeba timu mgongoni, na mgongo ukalipa. Bega, figo, mbavu, kila msimu na jeraha lake. Mwaka 2017 hakucheza hata mechi moja.

Mwaka 2018 ndipo bosi mpya aliyekuwa ameingia mwaka mmoja kabla akatumia chaguo la sita la drafti kumchukua mlinzi wa ndani, nafasi ambayo timu nyingi huidharau. Mabadiliko yakaonekana hapohapo. Kwotabeki yuleyule, bega lilelile lililofanyiwa upasuaji, akaangushwa mara 18 tu msimu mzima na akapewa tuzo ya mchezaji aliyerejea kwa kishindo.

Ukaja usiku wa Agosti 24, 2019. Habari zikavuja wakati mechi ya maandalizi inaendelea: jamaa anastaafu, ana miaka 29. Akitoka uwanjani kwake mwenyewe, baadhi ya mashabiki wakamzomea. Baadaye alikiri kwamba alizisikia zile sauti na zilimuuma.

Waliozomea walimwona msaliti. Hakuna aliyesimama kuzomea ofisi iliyochukua miaka sita kugundua kwamba dhahabu haiwekwi barazani. Ukuta ulifika, mwenye nyumba alishachoka.

LAKINI WAPO WANAOJITAKIA

Kabla watetezi wa kwotabeki hawajashangilia, kuna upande wa pili, na wenyewe una ushahidi wake.

Yupo kwotabeki mmoja aliyeng'ara sana Seattle, bingwa wa Super Bowl, mtu wa suti kali na mke staa. Katika misimu yake tisa ya kwanza aliangushwa mara 394, na hakuna kwotabeki aliyewahi kuangushwa mara nyingi hivyo katika misimu tisa ya mwanzo. Februari 2021 akatoka hadharani akasema amechoka kupigwa. Mashabiki wakamwonea huruma, wakalaani ukuta wa Seattle.

Mwaka 2022 akahamia Denver. Jiji jipya, kocha mpya, ukuta mpya, mkataba mpya mnono. Akaangushwa mara 55, hakuna kwotabeki aliyeangushwa mara nyingi zaidi msimu huo, na timu ikamaliza na ushindi 5 na vipigo 12. Machi 2024 Denver ikamwacha aondoke huku bado inabeba mzigo wa dola milioni 85 kwenye hesabu zake za mishahara. Ukuta ulibadilika, idadi haikubadilika. Hapo mtu mwenye akili anaacha kuuliza kuhusu ukuta.

Sababu yake si siri. Jamaa alikuwa na kipaji cha kuzunguka nyuma, kukwepa, kusubiri sekunde nne au tano, kisha kutupa mpira mrefu wa kuamsha uwanja mzima. Ukikubali ni burudani. Ila kila anayesubiri sekunde tano ameshawaomba walinzi wake wafanye kazi mara mbili ya waliyoajiriwa kufanya. Miguu ikianza kuzeeka, kukwepa kunaisha, kusubiri kunabaki.

Linganisha na mkongwe mmoja aliyetawala Indianapolis kabla ya yule kijana wa 2012, akaja kumalizia Denver. Hakuwa na mbio hata kidogo. Akikimbia, watu walicheka. Lakini mwaka 2009 akiwa Indianapolis aliangushwa mara 10 msimu mzima, na mwaka 2013 akiwa Denver mara 18. Timu mbili, kuta mbili, mtu mmoja anayejua mpira unakwenda wapi kabla haujafika mkononi. Kwa hiyo kuangushwa ni mali ya pamoja. Ukuta una hisa zake, kwotabeki naye anazo zake.

CINCINNATI NA SWALI LA MPOKEAJI AU MLINZI

Kesi iliyogawa watu kuliko zote ni ya Cincinnati. Mwaka 2020 walimchukua namba moja kijana mwenye kujiamini kupita kiasi, sigara kubwa mdomoni na miwani ya jua. Novemba 22 mwaka huohuo, pale Washington, goti lake la kushoto likavunjwa akiwa anatupa pasi. Msimu ukaishia hapo.

Aprili 2021 Cincinnati walikuwa na chaguo la tano. Mezani kulikuwa na mpokeaji aliyecheza naye chuo, swahiba wake, na kulikuwa na mlinzi wa pembeni kutoka Oregon aliyesifiwa na kila mtu. Kijana goti bado bichi. Akili ya kawaida ilisema chukua mlinzi. Wakachukua mpokeaji.

Na hapa ndipo ugumu wa hoja ulipo, maana mpokeaji alilipuka. Yadi 1,455, tachidauni 13, tuzo ya chipukizi bora wa ushambuliaji, timu ikafika Super Bowl. Waliosema mlinzi wakanyamaza.

Hesabu za kuangushwa ndizo zilizoendelea kusema. Mara 51 msimu wa kawaida. Mara 9 katika mechi moja ya mtoano dhidi ya Tennessee, na bado wakashinda 19-16. Mara 7 kwenye fainali ya Februari 13, 2022. Mchezo wa mwisho wa fainali hiyo Cincinnati wako nyuma 23-20, yule mpokeaji amemwacha mlinzi wake na yuko peke yake kuelekea lango. Pasi moja, ubingwa. Kwotabeki hakupata nafasi ya kuinua macho vizuri. Alishikwa, akazungushwa, mpira ukaanguka mbele yake. Kwisha habari.

Mpokeaji mzuri kuliko wote ana faida gani kama hakuna muda wa kumwona? Yule mlinzi wa Oregon alichukuliwa na Detroit kwenye chaguo la saba, na akageuka kuwa mmoja wa walinzi bora wa ligi nzima. Kijana wa Cincinnati akaendelea kuumia. Septemba 2025 alifanyiwa upasuaji wa kidole cha mguu baada ya kuangushwa tena.

Ila haki itendeke. Mwaka 2024 kijana huyo aliongoza ligi kwa yadi 4,918 na tachidauni 43, na Cincinnati ikaikosa hata mechi ya mtoano, ushindi 9 kwa vipigo 8. Msimu huo tatizo halikuwa yeye, na wala halikuwa ukuta peke yake. Safu ya ulinzi ilikuwa inaruhusu pointi kama maji. Wakati mwingine watu wanagombania chumba kipi kinavuja, kumbe bati lote limekwisha.

MTU MMOJA, FAINALI TATU

Anayetaka ushahidi wa jinsi ukuta unavyobadilisha sura ya mtu, aende Kansas City. Kwotabeki wao anahesabiwa kuwa bora wa kizazi chake, na hata wasiompenda wanakubali kwa kununa.

Februari 7, 2021, aliingia fainali dhidi ya Tampa Bay walinzi wake wote wawili wa pembeni wakiwa majeruhi. Alikimbizwa usiku mzima. Timu yake ikapigwa 31-9 bila tachidauni hata moja. Bosi wake hakusubiri maombolezo yaishe. Msimu uliofuata ulipoanza, nafasi zote tano za ukuta zilikuwa na watu wapya.

Februari 12, 2023, fainali nyingine, safari hii dhidi ya Philadelphia, timu iliyokuwa imewaangusha kwotabeki mara 70 msimu huo. Mtu akategemea balaa. Wakamwangusha mara ngapi? Sifuri. Kansas City wakachukua kombe 38-35, huku yeye akichechemea kwa kifundo cha mguu.

Februari 9, 2025, wakakutana tena. Ukuta wa Kansas City ulikuwa umetoboka kushoto, mlinzi wa ndani akahamishiwa pembeni kuziba pengo. Philadelphia wakamwangusha mara 6, wakaenda mapumziko wakiongoza 24-0, wakamaliza 40-22. Mkono ni uleule. Akili ni ileile. Kilichobadilika ni kilichokuwa mbele yake.

Mwezi uliofuata yule mlinzi aliyekuwa anaziba pengo akauzwa Chicago. Huko kulikuwa na chipukizi mwingine wa namba moja aliyetoka kuangushwa mara 68 msimu wa 2024, timu ikapoteza mechi 10 mfululizo, na nusu ya jiji ikaamini wamepigwa. Chicago wakaleta walinzi watatu wapya wa ndani na kocha mpya anayejua kupanga mashambulizi. Msimu wa 2025 kuangushwa kukashuka chini ya nusu, na Chicago wakaongoza kundi lao.

Sasa sifa apewe nani? Ukuta? Kocha? Au dogo mwenyewe, aliyejifunza kuachia mpira mapema? Wote watatu. Na hilo ndilo jibu ambalo mabishano huwa hayalitaki, kwa sababu halina mtu wa kuchoma moto.

MKWANJA UNAKWENDA WAPI?

Yapo maelezo ya kifedha yanayofanya kesi hii ijirudie. Kila timu ina kikomo cha mishahara; mwaka 2024 kilikuwa dola milioni 255.4. Kwotabeki wa Cincinnati alisaini mwaka 2023 mkataba wa dola milioni 275 kwa miaka mitano, wastani wa milioni 55 kwa mwaka. Mtu mmoja anakaribia kula robo ya sufuria. Wapokeaji mastaa nao wana njaa. Wanaobaki kukwangua ukoko ni wale watano.

Na bosi ana kishawishi kingine. Staa anauza jezi. Mpokeaji anauza tiketi. Hakuna mtoto anayemlilia baba yake anunuliwe jezi ya mlinzi wa ndani upande wa kulia. Kununua ukuta ni kama kutengeneza choo: wageni hawatakusifia kwa kuwa nacho, ila wataondoka wanakusema wakikikosa.

JINSI YA KUAMUA KESI BILA KELELE

Mwenye nia ya kutazama badala ya kupiga kelele ana vipimo vitatu rahisi.

Kwanza, ahesabu. Mpira ukitoka chini, "moja elfu, mbili elfu". Adui akifika kabla ya "mbili elfu" kwisha, hiyo ni ya ukuta. Ikifika "nne elfu" jamaa bado anacheza rede huko nyuma, hiyo ni yake.

Pili, aangalie adui katokea wapi. Akimshinda mlinzi kwa nguvu au kwa mbio, mlinzi ana deni. Akipita katikati bila kuguswa na mtu, mara nyingi ni mawasiliano: kwotabeki na mlinzi wa kati ndio wanaotakiwa kuona hatari na kuwapanga wenzao kabla mpira haujaanza.

Tatu, aangalie mtu akihama. Kwotabeki akibadilisha timu na kuanguka kuleleile, tatizo lina miguu. Kwotabeki akibaki, ukuta ukabadilishwa na akasimama, basi miaka yote ile kijana wa watu alisingiziwa.

Vipimo hivi havitamwokoa kila mtu. Wapo kwotabeki wabovu kweli, na hata ukuta wa mawe hautawafanya waone. Lakini wapo pia vijana walioingia ligi wakiwa na miaka 22, wakavunjwa goti, bega na moyo, kisha wakaitwa wameshindwa na watu waliokuwa wamekaa kwenye makochi. Walioamua mkwanja uende wapi wanabaki kwenye vyumba vyao vya vioo, na drafti ijayo wanapanda jukwaani wakitabasamu na kumshika mkono kijana mwingine wa namba moja.

Kabla ya kuuliza kama huyo mpya ana mkono mzuri, swali la kwanza liwe: je, kuna watano wa kusimama mbele yake? Kama hawapo, jezi yake inunuliwe mapema. Haitakaa safi muda mrefu.